Mwaka wa pili nipo Japani, mtoto wa miaka minne ananitafsiria dukani. Tatizo ni mimi au ni Kijapani?

#1 Baba Zuhura

Wakuu salaam.

Nipo Hiroshima, mwaka wa pili wa shahada ya uzamili. Nilikuja na mama watoto na binti yetu Zuhura, wakati huo ana miaka miwili na nusu. Kabla sijaja kila niliyemuaga aliniambia maneno yaleyale: wewe nenda tu, lugha utaikuta hukohuko, miezi sita unaongea.

Jana nipo kaunta ya supamaketi. Dada wa kaunta kaniuliza kitu. Mimi kama kawaida yangu nikajibu "hai", yaani ndiyo. Akauliza tena, nikajibu "hai" nyingine na tabasamu juu. Foleni nyuma inarefuka. Zuhura, ambaye kidevu hakijafika hata kwenye kaunta, akanivuta suruali: "Baba, anauliza mfuko unataka mkubwa au mdogo." Kisha akamgeukia yule dada akamjibu mwenyewe, kwa sauti ya upole kabisa, kama anamwombea radhi mzee wake.

Maabara kwetu ni Kiingereza mwanzo mwisho. Darasa la Kijapani nilienda muhula mmoja, ratiba ikanibana nikaacha. Hiragana, herufi zao za silabi, naijua, katakana, za silabi pia, nusu, kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina, naitambua ya "ingia", ya "toka" na ya choo cha wanaume. Lakini kuna dogo wa Nepal tunaishi jengo moja, kaja baada yangu, anapiga simu za kuomba kazi kwa Kijapani na kucheka anacheka.

Sasa wenye uzoefu mnisaidie: kwa nini wengine wanashika na wengine hatushiki, na wote tunavuta hewa ileile?

Nawasilisha.

#2 Chapati_Kavu

Nimeweka kiti. Wajuzi waje.

#3 Mzee wa Kanji

Tatizo ni wewe, tusizunguke. Jiwe linakaa baharini miaka mia na halijui kuogelea.

Mimi nilikuja Tokyo kwa njia ya shule ya lugha, si ufadhili. Ada nimelipa mwenyewe, ndugu wamechanga, shamba limeuzwa. Darasani Wachina, Wanepali, Wavietnamu, Mswahili peke yangu. Wiki ya tatu nipo jikoni kwenye mgahawa naosha vyombo, na mpishi mkuu hana neno hata moja la Kiingereza. Akisema "sara" unaleta sahani au unatukanwa. Ndani ya miezi minne nilijua majina ya kila kitu kilichomo mle ndani, mpaka matusi.

Wewe serikali yao inakupa kama yeni 144,000 kwa mwezi usome kwa Kiingereza. Utajifunza Kijapani kwa shida gani? Huyo dogo wa Nepal ana deni kwao. Muulize.

#4 KijanaWaKisumu

Mzee wa Kanji, hiyo ya njaa sikubaliani nayo. Mimi nilifanya JLPT, mtihani wa kupima Kijapani, pale Nairobi, ule wa Desemba, nikapita N3, ngazi ya kati, kabla sijaona Japani hata kwa dirisha la ndege. Nilikuwa nakula vizuri tu kwa mamangu.

Nilichofanya: kila asubuhi dakika arobaini kabla matatu haijajaa, na masomo ya Kijapani ya idhaa ya Kiswahili ya NHK, shirika la utangazaji la Japani, yako mtandaoni bure. Nilipofika Nagoya nilikuta Waafrika wana miaka mitano pale na hawajui kusoma bili ya gesi. Kwa hivyo mahali si hoja. Aidha umekaa chini ukasoma ama hukusoma.

#5 Sensei Uchwara

Natia neno.

Wote mnaongelea mazingira, mnasahau kwamba Mswahili anakuja na mtaji ambao Mmarekani hana. Angalieni:

Irabu zao ni a, i, u, e, o. Zetu hizohizo. Silabi zao karibu zote zinaishia na irabu: sa-ka-na, ta-ma-go, sa-ku-ra. Ukimpa bibi yangu wa Handeni asome maneno hayo kwa herufi zetu, anayasoma vizuri kuliko profesa wa London. Hata wakikopa neno wanalitia irabu kama sisi. Sisi "shati", wao "shatsu". Sisi "hoteli", wao "hoteru". Sisi "basi", wao "basu".

Na kitenzi je? Sisi tunasema "sikutaka kulishwa". Ndani ya "kulishwa" kuna kula, kuna kusababishwa, kuna kutendwa. Wao "tabesaseraretakunakatta": tabe ni kula, sase ni ule mnyambuliko wetu wa -isha, rare ni -wa, kisha kutaka, kisha kukanusha, kisha wakati uliopita. Sisi tunabandika mengi mbele, wao wanabandika yote nyuma. Mzungu akiliona neno hilo anazimia. Mswahili anatakiwa acheke tu.

Kwa hiyo Baba Zuhura, huna kisingizio.

#6 Chapati_Kavu

Hilo neno nimelisoma mara tatu nikahisi njaa.

#7 Bi_Kizimkazi

Sensei Uchwara, umenena vizuri ila umeishia mlangoni. Huo mtaji ndio uliotuponza wengi.

Kwa sababu irabu ni zetu, tunajiona tumeshafika, hatusikilizi tena. Wenzetu irabu fupi na ndefu ni maneno mawili. "Obasan" ni shangazi au mama wa makamo, "obaasan" ni bibi kizee. Mimi nafanya kazi ya kulea wazee hapa Chiba. Wiki yangu ya kwanza nilimwita msimamizi wangu, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, "obaasan" mbele ya watu, na hata hiyo "obasan" fupi nayo isingenisaidia, hapa watu wanaitwa kwa majina. Alinyamaza. Wajapani wakinyamaza ujue umevunja kitu.

Kosa linatoka wapi? Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, basi na sisi tunaivuta silabi hiyo kwenye kila neno hata pasipotakiwa. Kijapani hakina mkazo wa namna hiyo, kina kupanda na kushuka kwa sauti. "Hashi" ni vijiti vya kulia au daraja, inategemea umepandisha wapi. Na zile konsonanti za kukazwa: "kite" ni njoo, "kitte" ni stempu. Hizo hatuna kabisa.

#8 Mkurya_Fukuoka

Naomba kuchangia kwa furaha. Dar es Salaam shule nzima ilinicheka kwa sababu ya "kura ugari". Nimefika huku, hawana L kabisa! Kila L ni R. Matamshi yangu yamekuwa sanifu, mwalimu ananiita mbele niwasomee wengine.

#9 Chapati_Kavu

Muraaa! Hii nimeichapa niweke ukutani.

#10 Fundi Saa

Hakuna aliyegusa saa. Ngoja niwatoe tongotongo.

Saa za Kijapani ni namba tu na "ji" nyuma yake. Shichi ni saba, kwa hiyo "shichi-ji" ni… wote mmesema saa saba, si ndiyo? Ndivyo nilivyosema na mimi. Kumbe shichi-ji ni saa moja yetu.

Nimeitwa usaili wa kibarua kwenye mgahawa wa tambi, shichi-ji, siku ya Jumamosi. Kichwa kikafanya hesabu yake: shichi, saba, saa saba mchana. Nikafika na shati limepigwa pasi. Ule ndio muda wa chakula cha mchana, watu wamejaa mpaka barabarani, mwenye mgahawa kalowa jasho anachemsha tambi. Kaniangalia, kaangalia saa ya ukutani, akanionyesha kiti cha pembeni. Nimekaa pale. Baadaye akaniletea bakuli la tambi bila kusema neno. Nikala. Jioni ilipofika akanifanyia usaili, nikapata kazi. Nadhani aliona mtu aliyewahi saa sita nzima ana moyo wa kazi.

Mwezi uliofuata nikaambiwa kuna kikao ichi-ji. Ichi ni moja. Nikaenda saa moja jioni. Mlango umefungwa, kikao kimeisha tangu mchana. Mara ya kwanza niliwahi kwa saa sita, mara ya pili nilichelewa kwa saa sita, ukijumlisha mimi ni mtu wa muda kamili.

#11 KijanaWaKisumu

Fundi Saa umeniua. Hata mimi bado nikiambiwa saa naangalia simu kwanza.

#12 Mzee wa Kanji

Hahaha. Na subiri ukutane na bango la baa limeandika wanafunga saa 25 au 26. Maana yake ni usiku wa manane, siku ya jana bado haijaisha. Hapo ndipo Mswahili na Mzungu tunapotea pamoja.

#13 Dada Shida

Naitwa Shida kweli, si utani. Kwa katakana jina langu ni herufi mbili tu, "shi" na "da". Sasa "shi" na "tsu" za katakana ni mapacha: vistari viwili na mkunjo, tofauti ni vistari vimelala au vimesimama. Siku ya kujisajili nilivisimamisha. Nimekaa muhula mzima chuoni wananiita Tsuda-san, na Tsuda ni jina la ukoo la Kijapani kabisa. Mzee mmoja wa ofisi alikuwa ananiangalia usoni, anaangalia karatasi, anaangalia usoni tena. Nadhani alihisi baba yangu Mjapani.

Nilipolirekebisha nikagundua "shida" kwa Kijapani ni ule mmea wa majani kama manyoya unaoota penye unyevu. Nikaona afadhali. Kwetu nilikuwa tatizo, huku nimekuwa ua la bustani.

#14 Msomi_Mkavu

Mnapoteza muda na matamshi. Ukweli mchungu ni kanji. Mjapani anajua kanji 3,000, anazisoma tangu shule ya msingi. Mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, kichwa kimejaa tasnifu, hawezi. Ndiyo maana Wachina wanatupita, wao wanakuja nazo mfukoni. Baba Zuhura usijitese, maliza shahada yako urudi nyumbani.

#15 Mzee wa Kanji

Mkuu #14, jina langu linanilazimisha nikusahihishe. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida ina 2,136, tangu ilipopanuliwa mwaka 2010. Kabla ya hapo zilikuwa 1,945. Shule ya msingi yote, miaka sita, ni 1,026. Si kila Mjapani anaziandika zote kwa mkono pia, siku hizi simu imewaharibu. Nimemwona bosi wangu anaandika neno hewani kwa kidole anajaribu kulikumbuka.

Na Mchina ana faida ya macho tu. Kanji moja ina sauti mbili, tatu, wakati mwingine zaidi. Darasani kwetu Wachina walikuwa wanaelewa gazeti na hawawezi kulisoma kwa sauti.

#16 Bi_Kizimkazi

Na mimi niulize tu, Msomi_Mkavu: Zuhura anajua kanji ngapi?

#17 Chapati_Kavu

Uwiiii.

#18 Msomi_Mkavu

Mtoto ni mtoto, bi mkubwa. Ubongo wake laini.

#19 mama_twiga

Ubongo laini ndiyo, lakini tuangalie na masaa. Zuhura anashinda chekechea masaa manane kila siku ndani ya Kijapani, hana pa kukimbilia. Baba yake kwa wiki nzima anaongea Kijapani dakika ngapi? Tukijumlisha "hai" zote hazifiki tano. Akiongezewa masaa hayohayo tuone kama ubongo wake ni mgumu kweli.

Halafu mtoto hana aibu. Mwanangu alikuwa anasema makosa matupu, wenzake wanacheka, na yeye anacheka. Mimi nilikuwa napanga sentensi kichwani tangu nyumbani, nikifika dukani kitu nilichojiandaa kuulizwa hakiulizwi.

#20 Baba Zuhura

Nimewasoma wote, asanteni. Chekechea ni kweli, anaingia saa mbili na nusu anatoka saa kumi na nusu.

Ila nijitetee kidogo. Si kwamba sijaribu. Nikifungua mdomo kwa Kijapani, wanafanya moja kati ya mawili. Ama ananijibu kwa Kiingereza, ama ananisifu. Nikisema "konnichiwa" tu: oooh, Kijapani chako kizuri sana! Nimesema neno moja! Baada ya sifa hizo mazungumzo yanakufa. Nitajifunzaje na mtu anayenipigia makofi?

#21 mama_twiga

Hapo pole. Lakini kumbuka na wewe ulivyokuwa unafanya Kariakoo. Mzungu akisema "mambo", muuza mitumba anaita wenzake waje wasikie, "huyu mzungu anajua Kiswahili balaa!" Aliyekaa Tanzania miaka kumi na tano, anaongea mpaka misemo, hakuna anayemsifu, anabishaniwa bei kama mimi na wewe.

Wazee wa huku wanasema siku wakiacha kukusifu ndiyo umejua. Mimi siku niliyojua nimeiva ni mama jirani aliponigombeza kwa kutoa taka siku isiyo yake, kwa kasi, bila kunihurumia. Nilielewa kila neno. Nilirudi ndani nimefurahi.

#22 Mpemba_wa_Osaka

Assalaam aleikum. Nimechelewa, uzi umeshanoga.

Mnazungumza kana kwamba Kijapani ni kimoja. Nilisoma miezi sita kile cha vitabuni, kile cha Tokyo. Kutoka nje Osaka, sielewi mtu. Darasani "sielewi" ni "wakaranai", sokoni wanasema "wakarahen". Bei gani darasani ni "ikura", mzee wa samaki ananiambia "nanbo". Nikasema aa, haya nayajua. Ni sawa na mgeni kasomeshwa Kiunguja cha redioni kisha umpeleke Wete au Lamu.

Jambo jengine. Lugha si maneno tu, ni kujua mtu kakataa. Mjapani ukimpa kitu akasema "kekkou desu", kamusi inakwambia maana yake "ni nzuri". Kumbe kakataa! Wengi hapo hupotea. Mimi sikupotea, kwani kwetu mtu akikukaribisha chakula ukasema "ahsante", si ndiyo umekataa? Na akikwambia "kangaete okimasu", kwamba atafikiria, ndiyo ile "inshallah" ya fundi cherehani.

"Ojama shimasu" ya mlangoni ndiyo hodi. "Otsukaresama" ndiyo pole na kazi. Watu wa bara huona tabu, sisi tumezaliwa nazo.

#23 Mkurya_Fukuoka

Mpemba usitutenge, pole na kazi hata Tarime ipo. Ila mkuu kuna mtego hapo. Nilisikia "gokurousama" nayo ni pole na kazi, nikamwambia profesa wangu wakati anatoka. Maabara nzima ikakauka. Kumbe hiyo anaitoa mkubwa kwa mdogo. Ni kama nimemwambia profesa "marahaba" kabla hajaniamkia.

#24 Sensei Uchwara

Hapo #23 umegusa nilichotaka kusema. Mwenye shikamoo na marahaba anaelewa heshima ya Kijapani haraka. Na mwenye ngeli anaelewa kuhesabu kwao. Wao huwezi kusema "kalamu mbili" hivihivi. Vitu virefu vina neno lake "hon", vitu bapa "mai", wanyama wadogo "hiki", ndege "wa". Hizo si ngeli?

#25 Bi_Kizimkazi

Si ngeli, Sensei. Ngeli inatembea sentensi nzima: kiti kile kidogo kimevunjika, ile ki- haikuachii mpaka nukta. Neno lao linajitokeza kwenye kuhesabu tu, ukimaliza kuhesabu linaondoka. Tena halina msimamo: moja "ippon", mbili "nihon", tatu "sanbon". Na sungura wanahesabiwa pamoja na ndege. Ngeli gani hiyo?

Na shikamoo ni neno moja. Wao kitenzi chote kinageuka. Kula ni "taberu", mkubwa akila ni "meshiagaru", mimi nikila mbele yake ni "itadaku". Vitenzi vitatu kwa tonge moja.

#26 Sensei Uchwara

Na sisi tuna kufa, kufariki na kutangulia mbele ya haki.

#27 Bi_Kizimkazi

Hayo ni ya msibani. Wao ni kila siku, mpaka ya kupokea simu.

#28 Mpemba_wa_Osaka

Sensei na Bi Kizimkazi mtafute chumba cha mtihani mkae wawili. Niwape kioja. Chuo Kikuu cha Osaka wanafundisha Kiswahili, kuna vijana wa Kijapani wanasoma Kiswahili kama somo lao kuu. Nilikutana na mmoja kwenye treni kanisikia kwenye simu. Hajawahi kutia mguu Afrika. Kaniamkia vizuri, tukazungumza, kisha kwa adabu zote akaniuliza kwa nini nimesema "n'nakuja" badala ya "ninakuja". Nikamwambia mwanangu, hicho ndicho Kiswahili chenyewe, hicho chako kimepigwa pasi.

#29 KijanaWaKisumu

Si ndiyo nilisema #4? Mahali si hoja! Huyo kijana ni shahidi wangu.

#30 Mzee wa Kanji

Shahidi wako anajua sarufi. Mpe mtaa wa Manzese akanunue mkaa tuone.

Na hiyo JLPT unayoringa nayo, wasiojua wajue: ni kuchagua majibu tu, hakuna kuongea, hakuna kuandika. Namjua mwenye N2, ngazi ya juu ya hiyo yako, kwenye karatasi, na N2 unafaulu kwa alama 90 kati ya 180 bora usianguke kwenye kipengele, anaagiza chakula kwa kuonyesha picha kwa kidole.

#31 KijanaWaKisumu

Sikatai. Nilipofika Nagoya mwenye nyumba alinipigia simu, nikajibu "ndiyo" mara nane, kesho yake akaja fundi akafungua bomba ambalo halikuwa limeharibika. Hapo N3 ilikuwa ukutani kwenye fremu.

#32 Chapati_Kavu

Tupunguze ukali, turudi kwenye burudani. Mimi niko Dodoma, sijafika hata Nairobi, lakini nimekusanya kutoka kwa rafiki yangu. "Saba" huko ni samaki. "Sumu" ni kuishi mahali. "Kisu" ni busu. Na "tako" ni pweza, wanamkata vipande wanamtia kwenye vidonge vya unga, wanauza mtaani na bango kubwa. Rafiki yangu alinitumia picha ya bango nikadhani kapotea njia.

Majina ya miji ya kusini huko yanayoanza na mnyama dubu sitayataja, hapa kuna wakwe.

#33 Dada Shida

Asante kwa kutoyataja.

#34 mama_twiga

Nina lingine la kweli, halijaguswa na ni kubwa. Tanakali za sauti.

Jino liliniuma usiku kucha, asubuhi nipo kwa daktari wa meno. Ananiuliza: "zukizuki? chikuchiku?" Nikadhani anataja dawa. Akarudia, anafungua na kufunga ngumi karibu na shavu lake: zukizuki, zukizuki. Kisha akachoma hewani kwa kidole kama sindano: chikuchiku. Ghafla nikaelewa. Anauliza linapwita au linachoma! Nikafungua ngumi nikafunga kama yeye, nikamwambia kwa Kiswahili changu, "pwi, pwi, pwi." Akatikisa kichwa, "zukizuki desu ne," akaandika.

Toka siku ile nilianza kuyakusanya na ndiyo yaliyonipandisha. Sisi tunalala fofofo, wao "gussuri". Sisi kimya jii, wao "shiin". Mwalimu alikuwa anaumiza kichwa kuwafundisha Wazungu, mimi naona kama niko kwa bibi.

#35 Sensei Uchwara

mama_twiga nakuongezea: "jii" na "shiin", zisemeni kwa sauti mzisikie. Hii ni mada ya uzi mzima.

#36 Kaka wa Boksi

Wakuu mnafanya mambo magumu. Piga boksi. Mimi wiki nzima ghalani, masaa 40, Kijapani kimenijia chenyewe. Mwanafunzi akifanya kazi sana ndiyo anajua.

#37 Mzee wa Kanji

Kaka usimpoteze mwenzio. Kibali cha mwanafunzi ni masaa 28 kwa wiki. Ni likizo ndefu tu za shule ndipo unaruhusiwa mpaka masaa manane kwa siku. Na kibali chenyewe unakiomba uhamiaji, hakiji na viza. Wa ufadhili nao wanatakiwa kuwa nacho. Ukizidisha, siku ya kuongeza viza wanaangalia karatasi za kodi na wanajua kuhesabu. Mwenzangu wa darasa alirudishwa kwao imebaki miezi mitatu amalize.

Isitoshe ghalani unajifunza nini? "Beba", "weka", "haraka". Nimekaa na jamaa wa ghala, Kijapani chao ni amri tupu. Akiongea na mchumba anaonekana anampakia kwenye lori.

#38 Kaka wa Boksi

Nilisema kipindi cha likizo. Ila hilo la mchumba umenionea.

#39 Fundi Saa

Mzee wa Kanji, na wewe si ulisema jikoni ulijifunza mpaka matusi?

#40 Mzee wa Kanji

Matusi ya jikoni yana sarufi.

#41 Msomi_Mkavu

Bado sijajibiwa. Mtu akirudi Tanzania, hicho Kijapani kinamlipa nini? Miaka miwili ya kanji ungejifunza programu ya takwimu.

#42 Dada Shida

Mimi kinanilipa, natafsiri kwa wanaoagiza magari yaliyotumika. Karatasi ya mnada ya gari imejaa kanji za mikwaruzo na kutu, anayezijua haibiwi. Lakini sikujifunza kwa ajili hiyo. Nilichoka kuitwa Tsuda.

#43 Mkurya_Fukuoka

Natoka nje ya mada kidogo. Unga wa ugari mnapata wapi? Huku Fukuoka nilinunua mfuko una picha ya mahindi, nimesonga saa nzima, ukawa uji wa punje.

#44 Bi_Kizimkazi

Huo ni wa kupaka kwenye mikate, umekobolewa mkubwa. Tokyo nenda Shin-Okubo, maduka ya halali, ulizia mweupe laini. Wengine wanatuma kwa posta.

#45 Baba Zuhura

Wakuu, nimerudi. Nimejiandikisha tena darasa la jioni la manispaa, wastaafu wanafundisha kwa kujitolea. Jana siku ya kwanza, bibi wa miaka sabini na kitu alinisahihisha "obaasan" mara sita, nikamkumbuka Bi Kizimkazi.

Lakini kilichonirudisha hapa ni kingine. Nimerudi nyumbani saa mbili usiku, funguo nimesahau maabara. Nikagonga, nikasema hodi. Zuhura kaja mbio mpaka mlangoni, kauliza kwa ndani: "Nani?"

Nimesimama pale na mkoba. Kwa Kiswahili ameuliza ni nani. Kwa Kijapani ameuliza "nini". Nikasema "Baba", akafungua.

#46 Chapati_Kavu

Na kama ameuliza "nini"?

#47 Baba Zuhura

Nilikuwa na mkate mkononi. Kakimbilia huo.

#48 Mkurya_Fukuoka

Bi Kizimkazi, posta ya kutoka Shin-Okubo mpaka Fukuoka inachukua siku ngapi?